Mkosoaji Rasmi wa Meya

Meya alikwenda Uchina siku tisa kujifunza mambo ya mifereji ya majitaka, akarudi mwanafalsafa. Mifereji hakuitaja tena. Alichorudi nacho ni koti la hariri na daftari nene la mafunzo ya wahenga wa huko, na kwa wiki mbili nzima hakuna mfanyakazi aliyepata hata ruhusa ya ugonjwa bila kwanza kuhutubiwa juu ya maadili ya mtawala bora.

Kisha akatangaza kwamba wafalme wa kale wa Uchina walikuwa na maofisa wa kuwakosoa uso kwa uso, kwa hiyo naye anataka wake. Kila Jumatatu, mbele ya baraza zima. "Bila woga!" alisema, akiwatazama mmoja mmoja kwa jicho lililowakumbusha wote kwamba wana watoto wanaosoma. Kazi ikamwangukia Mama Masjala, mtunza majalada, kwa kuwa alikuwa amebakiza miezi minne astaafu na, kama mwanasheria wa mji alivyomfariji, "wewe huna cha kupoteza." Alikuwa nacho. Karatasi zake za kustaafu zilikuwa zikingoja saini ya Meya huyohuyo.

Akaanza kwa adabu. Jumatatu ya kwanza alimkosoa Meya kwa kufanya kazi kupita kiasi. Ya pili, kwa kuwahurumia mno wazembe. Meya alikubali makosa hayo mazito kwa unyenyekevu mkubwa, na jioni taarifa ya habari ikamsifu kuwa kiongozi asiyeogopa ukweli. Mama Masjala alijiona mnafiki wa kutupwa, lakini usingizi aliupata.

Aliyemkosesha raha ni binti yake, muuguzi wa wodi ya wazazi. Tangu Meya ajenge chemchemi ya mapambo mbele ya ofisi, ile ya kurusha maji juu, bomba la wodi lilikuwa likikohoa tu.

"Mama, jana nimemwosha mtoto mchanga kwa maji ya chupa," binti alisema, amesimama jikoni na sare yake. "Mji mzima huu, wewe peke yako ndiye una ruhusa ya kusema. Halafu unamkosoa eti anafanya kazi sana!"

"Karatasi zangu ziko mezani kwake, mwanangu."

"Na hao watoto wako mezani kwa nani?"



Jumatatu Mama Masjala akasimama mbele ya baraza. "Mheshimiwa, chemchemi yako inakunywa maji ya wodi ya wazazi. Wiki ya sita sasa."

Naibu Meya aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Meya akainuka, akatoa leso, akalia. Wafalme wa kale, alieleza kwa kwikwi, balaa likiingia nchini walitoa waraka wa kujilaumu mbele ya watu. Naye angefanya hivyohivyo!

Alhamisi, kando ya chemchemi, ndani ya koti la hariri, akausoma: "Mimi, Meya, niliamuru maji ya wodi ya wazazi yaletwe kwenye chemchemi hii bila idhini ya wahandisi. Kosa ni langu peke yangu." Akatia saini, akagonga muhuri, akapigwa picha kutoka pande zote. Nyuma yake maji yaliendelea kuruka. Habari ya kuifunga chemchemi hakuna aliyekuwa ameigusia.

Waraka ukashushwa masjala utafutiwe fremu. Sasa, masjala ina taratibu zake: waraka wowote wenye saini na muhuri wa Meya hupewa namba, na nakala moja huenda kwa mkaguzi mkuu wa serikali siku hiyohiyo. Kwa miaka thelathini na moja Mama Masjala hakuwahi kuruka hata mmoja. Huu alikaa nao saa nzima. Angeweza kuusahau, ofisi ile ilikuwa hodari wa kusahau. Aliogopa, tena aliogopa sana. Halafu akaupa namba, akaandika anwani, akamwita tarishi.

Wakaguzi walifika wiki iliyofuata, watu watatu wasio na habari na falsafa. Walikuwa na swali moja tu: saini hii ni yako? Kufika adhuhuri chemchemi ilikuwa imefungwa. Jioni binti akapiga simu, akaisogeza kwenye bomba la wodi. Mama Masjala aliyasikiliza yale maji mpaka machozi yakamtoka.

Kesho yake Meya, aliyekwisha kusimamishwa kazi, akamwita. Alikuwa anapanga vitu vyake kwenye maboksi. Karatasi za kustaafu zilikuwa bado mezani, hazina saini.

"Mama, mimi si nilikuweka wewe uniambie ukweli? Mbona hukunionya?"

"Nilikuonya, Mheshimiwa, mbele ya baraza zima. Badala ya kuita fundi bomba, ukaita mpiga picha."