Mpangaji wa Maombi

Johana alikuwa na swali moja tu kwa kila aliyekuja kutafuta chumba kwenye ploti yake ya Kipkelion. Hakuuliza mtu anafanya kazi gani wala kwa nini amehama alikotoka. Aliuliza kama ni mtu wa maombi. Mzee wa kanisa huyu alikuwa amechoshwa na walevi, wale wa kugonga milango isiyo yao na kukojolea maua ya watu, akaamini kwamba mwombaji hanywi, na asiyekunywa hana shida.

Ndivyo alivyompokea Kiplimo, fundi wa simu, kwa mikono miwili. Kumbe ameruka majivu akakanyaga moto. Pombe Kiplimo hakugusa, lakini aliomba kwa spika, kabla jogoo hajawika, akiwataja wapangaji kwa majina, mlango baada ya mlango, kila mmoja na dhambi zake. Wakaanza kuhama. Aliyebaki ni Phelis, nesi, naye alikwisha sema mwisho wa mwezi hautamkuta. Johana mwenyewe alitenganishwa na spika hiyo na ukuta mmoja tu, na tangu mahindi yapandwe hakuwa amelala usingizi wa maana. Na utamfukuzaje mtu kwa kosa la kuomba? Kanisani wangemwonaje?

Kwa hiyo Kiplimo aliposema amepata kibanda cha kazi Londiani, na chumba cha kuhamia, mzee alikaribia kulia kwa furaha. Lililobaki ni mwenye chumba hicho, mama aitwaye Rebeccah, kupiga simu kuulizia tabia yake.

Akapiga. Alieleza kwamba ametoka hospitalini kupasuliwa, daktari amemwamuru apumzike, na kati ya kitanda chake na chumba hicho ni mbao tupu. Mlevi hataki hata kumsikia.

"Niambie tu, mzee. Huyo kijana ni mtu wa maombi?"

Jibu lilikuwa neno moja, tena la kweli. Johana alifumba macho yaliyomwasha kwa kukosa usingizi. Angesema ndiyo, akate simu, alale mpaka jua lichomoze. Alijihurumia sana. Lakini alimfikiria huyo mama na kidonda chake, akijigeuza kitandani gizani, akitafuta upande usio na kelele.

"Ni wa maombi, mama," akasema. "Lakini anaomba na spika. Huwezi kulala."

Rebeccah akamshukuru, akakata simu.

Jioni Kiplimo alikuja mlangoni, akasema yule mama wa Londiani amebadilisha nia ghafla, wala hakutoa sababu. Johana akampa pole. Pole hiyo ilitoka moyoni kabisa, ingawa nusu yake ilikuwa ya Johana mwenyewe.

"Usinipe pole, mzee," Kiplimo akasema, uso umemng'aa. "Ni Mungu amekataa nitoke kwa hii ploti. Kesho tutaanza mapema kidogo, tumshukuru."