Pua ya Duka

Selina aliweka mfuko juu ya meza kabla ya salamu, na hilo halikuwa jambo lake la kawaida. Selina ni mtu wa salamu ndefu. Huanza na shikamoo, akamuuliza mzee magoti yake, akamuuliza habari za Masasi unakotoka unga, ndipo ataje anachotaka. Leo aliufungua mfuko mdomo na kuusukuma mbele.

"Shikamoo mzee. Hebu nusa."

Mzee Abdulrazak hakushangaa kuambiwa anuse. Ndiyo kazi iliyompa jina. Duka lake la unga wa mlonge na majani makavu liko uchochoroni, nyuma ya Mtaa wa Mchikichi. Halina bango. Watu huelekezana tu: nenda kwa yule mzee anayenusa. Kila asubuhi, kabla hajauza hata kijiko, hufungua kopo, huinama, hunusa mara moja, hufunga. Akisema mzima, ni mzima. Akisema unga umechoka, unamwagwa, hata kama umeshuka jana kutoka kusini, na hakuna wa kubishana naye. Wauzaji wa mitaa mingine humletea mdalasini wao, hiliki zao, hata kahawa, ahukumu yeye.

Aliingiza pua mfukoni. Alikaa nayo mle muda mrefu.

"Marahaba, mama. Huu mzima."

"Mzee wangu, huu unanuka jamvi lililolowa. Nimemtilia mama kwenye uji, kaonja kijiko kimoja, kasukuma kikombe. Mama yangu hajawahi kukataa uji."

"Mzima," mzee alirudia, akatazama ukutani.

Hapo Twaha, mwanawe, aliacha alichokuwa anapima akaja mbele. Twaha alikuwa kijana wa maneno makali, na kwa jambo moja alikuwa hashikiki: pua ya baba yake. Wengine wana shamba la kurithi, wengine nyumba. Yeye alikuwa na pua hiyo.

"Dada Selina, ngoja nikwambie. Nyinyi watu wa maghorofa ya Upanga mnanunua unga mzuri, mnaumimina kwenye chupa ya kioo ili jiko lipendeze, chupa mnaiweka dirishani. Jua linaipiga, mvuke wa sufuria unaipiga. Rangi ikikimbia mnarudi huku kulaumu watu."

"Sijaumimina popote. Uko kwenye mfuko wenu wa kaki uleule, na fundo lenu nimelifungua jana."

"Basi una mafua."

Watu waliokuwa wanapita wakacheka na kusimama. Mangi Polycarp, Mchaga wa maharage na karanga wa upande wa pili wa uchochoro, alivuta kigoda chake karibu. Ugomvi wa bure asubuhi ni mzuri kuliko redio.

Selina hakupandisha sauti. "Kama mzima, kunywa."

"Nitakunywa."

"Si kesho. Sasa hivi, nikuone."

Twaha alichukua kikombe cha baba yake, akatia vijiko viwili kutoka kwenye mfuko ule, akamimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai iliyokuwa kando ya kiti cha mzee. Akakoroga kwa mbwembwe, kijiko kikigonga kikombe ili hata walio mbali wasikie.

Mvuke ukapanda.

Harufu ilimfikia kabla hajainua mkono. Lilikuwa jamvi hasa, jamvi la msikiti uliovuja, na chini yake kitu kingine kichachu kama kitambaa cha kufutia meza. Twaha alibana pumzi. Kikombe kilikuwa katikati yake na baba yake, na mvuke ulikuwa unapita usoni kwa mzee, unamwingia puani, unalowesha ndevu zake. Mzee alikuwa ametabasamu.

"Mnaisikia hiyo?" aliwaambia watu. "Ndiyo mlonge huo."

Twaha alimtazama baba yake. Halafu akanywa. Alikunywa kikombe kizima, macho yake kwa Selina, akageuza kikombe chini juu kuonyesha kimekwisha.

"Safi," alisema.

Polycarp alipiga makofi mara mbili, akaacha. Selina alikuwa amemtazama kijana huyo koo lilivyokuwa linapanda na kushuka.

"Hongera, umemeza," alisema. "Lakini wewe umemeza kwa ubishi. Mama yangu ni mzee, hana ubishi wa kumezea."

Akaondoka. Mfuko aliuacha juu ya meza.

Mchana mvua ilishuka kwa kishindo, uchochoro ukawa mto mdogo, wateja wakatawanyika. Mzee alikwenda kuswali adhuhuri. Twaha aliingia nyuma ya duka, lilipokaa debe kubwa.

Debe hilo lilikuwa na sheria, na sheria zilikuwa za mzee mwenyewe. Linakaa juu ya mbao, haliguswi na sakafu wala ukuta, kwa sababu saruji inatoa jasho. Linafunguliwa mara moja tu kwa juma, siku kavu, kujaza kopo dogo la kuuzia. Kopo hilo ndilo la kufungua na kufunga kutwa nzima, likiharibika ni kopo. Debe halichezewi. Twaha alichapwa kwa ajili ya debe hilo alipokuwa mdogo. Miezi hii ya karibuni, hata hivyo, alikuwa akikuta kifuniko kimekaa upande, akasingizia panya.

Alikifungua. Upande wa ndani wa kifuniko ulikuwa na matone.

Unga wa mlonge uliohifadhiwa vizuri una kijani kinachokaribia kupiga kelele. Huu ulikuwa na rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kunywewa. Alipotia kijiko haukumwagika, ulikatika mabonge. Alichukua bonge moja akalivunja juu ya karatasi nyeupe, akalisugua kwa kidole, likaacha doa la kahawia. Pembeni mwa debe, pale unga ulipogusa bati, kulikuwa na nyuzi nyeupe laini, kama utando wa buibui.

"Funga," sauti ya baba yake ilisema nyuma yake. "Leo kuna unyevu."

Twaha hakufunga. "Baba, hapa unanusa nini?"

"Mlonge."

"Baba. Unanusa nini?"

Mvua ilipiga bati juu yao. Mzee alikaa juu ya gunia, kanzu yake imelowa mabega.

"Sinusi kitu," alisema.

Alivua kofia, akaikamua maji. "Ile homa yangu ya kabla ya masika. Niliamka nikafungua debe, nikadhani mtu kanibadilishia, kaweka majivu. Nikanusa karafuu, majivu. Nikanusa sabuni. Nikasema itarudi, homa huwa zinaondoka na kitu kisha zinakirudisha. Nikawa najaribu. Kopo dogo lina unga kidogo, nikaona nijaribu kwenye debe, labda wingi utasaidia. Ukienda kula, nafungua. Ukienda kuswali, nafungua. Siku nyingine naweka uso wote mle, mpaka unga unanigusa. Najiambia, kaa kidogo tena, inakuja."

Twaha alitazama matone kwenye kifuniko. Masika yote, kila mzee alipofungua, hewa ya mvua ilikuwa imeingia humo, na pumzi yake mwenyewe juu yake, ya joto na maji. Unga ulikuwa mzima siku alipoanza kuitafuta harufu yake.

Mzee alikuwa anatazama kitu kilekile.

Kilichomtoka Twaha kilikuwa hasira, kwa sababu hasira ndiyo iliyokuwa karibu. "Na umeniacha nimtukane mama wa watu! Nimekunywa uozo mbele ya uchochoro mzima!"

"Nani alikutuma unywe?"

"Si nilikuwa nakutetea wewe!"

"Nilikuona. Nikasema, kama Twaha amekunywa na hajatema, basi labda mimi ndiye niliyekosea kujihukumu. Nilifurahi, mwanangu. Mpaka saa hii nilikuwa na furaha."

Twaha alifunga debe, akafungua tena, akafunga. Halafu akachuchumaa mbele ya baba yake na kuanza kusema harakaharaka.

"Sikiliza. Tunalitia kwenye viroba, naita bajaji, naenda kulimwaga mbali. Hakuna anayejua. Lile debe jipya la Masasi bado halijafunguliwa, tunaanza nalo. Asubuhi wewe unanusa kama kawaida, mimi nimenusa kabla yako. Nikikohoa, umechoka. Nisipokohoa, mzima. Jina linabaki."

Mzee alifikiri. Alifikiri kwa muda uliomtia Twaha matumaini.

"Na siku ukiwa na mafua?" aliuliza. "Ukikohoa kwa ajili yako mwenyewe?"

"Baba!"

"Na akija mtu na hiliki zake hapa, wewe umekwenda sokoni? Nitamwambia nini? Asubuhi nimemwambia Selina, huu mzima, na mama yake hakuweza kuumeza. Nilijua sijui. Nikasema." Aliivaa kofia yake mbichi. "Pua ilikuwa duka kwa sababu ilikuwa inasema kweli. Shika upande ule."

Mvua ilipokatika walilivuta debe hadi mlangoni, mchana kweupe, na mzee akaanza kulipakua mwenyewe kwa bakuli, akitia kwenye mifuko ya taka. Watu walianza kusogea. Polycarp alikuja na kigoda chake.

"Mzee Razaki, unamwaga?"

"Namwaga. Umeharibika, na pua yangu imekufa. Tangazeni."

Twaha alikaza ngumi, akisubiri wa kwanza kucheka ili apate mtu wa kupigana naye.

"Ahaa," Polycarp alisema. "Kwa hiyo leo umejua."

"Leo nimejua vipi?"

"Si wale dagaa wa jirani waliooza mwezi uliopita? Sisi wote tulijifunga vitambaa usoni kama majambazi. Wewe ulikaa hapohapo kwenye upepo wao unakula muhogo, unaniuliza mbona leo hatuongei."

"Mangi!" Twaha alifoka. "Ulijua ukanyamaza?"

"Ningemwambiaje, kijana? Yeye ndiye mwenye pua, mimi mwenye maharage."

Mzee alianza kucheka. Alicheka akiwa ameinamia debe, bakuli mkononi, mpaka bati likarudisha sauti, na watu wakacheka naye, na Twaha akabaki na ngumi zake hazina kazi.

"Sasa nani atanusa?" Polycarp aliuliza.

Wote wakamtazama Twaha.

Debe la Masasi lilifunguliwa alasiri, jua lilipotoka na hewa kukauka. Mzee alimwambia jambo moja tu: mara moja, kwa haraka, funga. Twaha alinusa, akafunga kopo dogo lililojazwa, akapima mfuko mmoja, akaukunja mdomo mara tatu na kuufunga. Akatembea, akapita viwanja vya Mnazi Mmoja vilivyojaa madimbwi, mpaka Upanga.

Selina alifungua mlango akiwa na mwiko mkononi. Hakumkaribisha.

Twaha alikuwa amepanga maneno njiani, maneno mazuri, yenye heshima kwa pande zote. Yote yalimpotea pale kwenye ngazi.

"Ulikuwa umeharibika," alisema. "Wewe ulisema kweli. Mimi nilijua ulipopanda ule mvuke, na bado nikasema safi."

"Na mzee?"

Hapo ndipo pagumu palipokuwa. Angeweza kusema uzee, angeweza kusema homa. "Baba hanusi tena. Amesema nikwambie hivyohivyo, nisiseme ana mafua."

Selina alishusha mwiko. Alipokea mfuko, akaufungua, akanusa, akaufunga mara moja kabla ya mvuke wa jikoni kuufikia.

"Huu ndio," alisema. "Mpe pole nyingi. Mwambie mama ataonja jioni. Akikataa, nakuja, na utakunywa tena."

"Nitakunywa."

"Najua utakunywa. Ndiyo shida yako."

Mlango ulifungwa, na Twaha akasikia kicheko nyuma yake.

Asubuhi iliyofuata mzee alikuwa kwenye kiti chake kama siku zote. Twaha aliliweka kopo mezani, akafungua, akainama, akafunga.

"Mzima?"

"Mzima."

"Sikukuuliza hivyo. Unanukaje?"

"Kama majani."

"Majani gani? Mbuzi naye anajua majani."

Twaha alitaka kujibu haraka, akajizuia. Huko nje Polycarp alikuwa anapanga magunia yake, masikio yakiwa huku.

"Kama nyasi zilizokatwa," Twaha alisema polepole, "zikaanikwa kivulini, si juani. Halafu mtu akazifunika kabla ya jua kuzama, zikiwa bado zina joto kidogo."

Mzee alifumba macho. "Endelea. Mwisho wake?"

"Mwisho kuna ukali. Kama figili ukiimenya."

"Unauma puani, au nyuma ya koo?"

Twaha alikuwa hajui. Aliona aibu kwamba hajui. Alifungua tena, kwa haraka, akanusa, akafunga.

"Puani."

"Basi mzima," mzee alisema. "Uza."

Mkono wake ulikuwa umetangulia kufika kwenye kopo, kwa mazoea. Vidole viligusa ukingo wa kifuniko, vikauzunguka. Kisha akakikandamiza kifuniko kwa kiganja, kuhakikisha kimebana, na akauacha mkono wake pale juu, macho bado yamefumbwa.