Mkono Nje ya Nondo

Mara ya kwanza Nuzhat alidhani amesahau kufunga. Alikuwa uani akipanga springi za makufuli kwenye sinia, kazi ambayo nusu ya wanawake wa mtaa wa Upar Kot huifanya majumbani mwao, alipoinua macho akamwona mama mkwe wake amesimama juani, pekupeku, mtandio umemwangukia begani. Mlango wa nondo wa chumba chake ulikuwa wazi. Kufuli lilining'inia kwenye pete yake, limefunguka, halina hata mchubuko.

Akamrudisha ndani taratibu, akafunga, akalivuta kufuli kuhakikisha.

Mlango ule aliuweka Tasawwur, mumewe, baada ya mama yake kuokotwa tena relini, akitembea katikati ya mataruma huku treni ya Delhi ikimpigia honi. Mama Kaneez alikuwa amesahau karibu kila kitu: kama amekula, mwaka ni upi, na yule mwanamume mwenye ndevu anayeingia jioni ni nani wake. Tasawwur aliufunga mlango kwa mara ya kwanza huku machozi yakimtoka, akamkabidhi mkewe ufunguo.

Kesho yake mama alikuwa uani tena.

Tasawwur alimlaumu Nuzhat, kisha akalilaumu kufuli. Yeye ni fundi wa makufuli kama baba yake marehemu, Fundi Mubin, akajua la kusema: kufuli kuukuu hulegea, vibati vya shaba vya ndani, vile vinavyoinuliwa na ufunguo, hulika kingo, likawa linafunguka kwa chochote. Akaleta jipya kutoka karakana yake mwenyewe.

Lile jipya lilikaa siku kadhaa. Nuzhat alipoanza kupumua, likafunguka. Siku iliyofuata likafunguka mapema zaidi. Basi akajibanza nyuma ya pazia la jiko kutazama.

Mama Kaneez alikuwa amekaa kitako ubavuni mwa mlango, uso ameuelekeza ukutani, akizungumza na mtu asiyekuwepo habari za dengu na bei ya mafuta ya haradali. Mkono wake mmoja mwembamba ulikuwa umepita katikati ya nondo, umeshika kibanio cha nywele, na mkono ule ulikuwa unafanya kazi peke yake. Ulipapasa, ukasubiri, ukasukuma kidogo, ukarudi nyuma. Kufuli likalia tiki. Mama akageuka, akaliona limefunguka, akashangaa kabisa.

"Nani kafungua?" akauliza.

Jioni ile Tasawwur alilifungua kufuli lile vipande vipande juu ya mkeka. Kila kibati kilikuwa na kingo kali kama siku kilipotoka kwenye tupa. Kufuli halikuwa limelegea hata kidogo, na bado kila siku lilikuwa linafunguka upesi kuliko jana. Kilichokuwa kinabadilika ni mkono. Daktari waliyemwendea aliwaeleza kwa upole kwamba mikono ina kumbukumbu yake, tofauti na ile inayoshika majina na nyuso, na mara nyingi hiyo ndiyo huondoka mwisho. Nuzhat alitulia kidogo kwa maneno hayo. Kilichomsumbua ni kimoja: mama mkwe wake hakuwahi kushika kazi ya makufuli. Maisha yake yote aliwapikia waliokuwa wakiyatengeneza.

Tasawwur akaenda kupekua sanduku la zana za baba yake. Akarudi na kufuli zito la shaba, jeusi kwa uzee, ambalo Fundi Mubin alilitengeneza kwa mkono na hakutengeneza la pili. Ufunguo wake ulizunguka kinyume, na ndani mlikuwa na kibati cha hila: ukikiinua kupita kiasi, vyote vinajifunga upya.

"Hili hata mimi bila ufunguo siliwezi," alisema. "Mwache ahangaike nalo. Angalau mikono itapata la kufanya."

Akalifunga asubuhi, akaenda karakana.

Nuzhat hakujificha tena. Alikaa uani na sinia lake, akitazama. Mkono ulitoka nondoni, ukaligusa kufuli, ukasita. Sauti ya mama, iliyokuwa ikinong'ona tangu alfajiri, ikakatika. Kisha vidole vikazunguka kwenda kushoto, bila kupapasa na bila kusubiri, na kufuli likafunguka upesi kuliko kwa ufunguo.

Hakukuwa na siku ya kujifunza. Lilikuwa limekwishajulikana.

Mama Kaneez akatoka. Safari hii hakushangaa. Macho yake yalikuwa makavu na makini, macho ya mwanamke kijana.

"Amekwenda?" akanong'ona.

"Nani, mama?"

"Huyo wako. Huyo wangu. Njoo basi, tuwe tumerudi kabla ya adhana ya alasiri."

Nuzhat akamshika mkono, akamketisha ukingoni mwa baraza. Akamuuliza amejifunza wapi.

"Siku ya kwanza linakukatalia," mama alisema, kama anayemfundisha kukanda unga. "Siku ya pili linakukatalia vilevile, lakini umeshajua linakukatalia wapi. Kuna kibati kimoja kinabana kabla ya wenzake. Ukishakijua hicho, mwanangu, una miaka yote ya kuvijua vingine."

"Nani alikuwa anakufungia?"

"Anafunga akienda kazini. Anasema anaogopa nitapotea."

Maneno hayo hayo Tasawwur alikuwa ameyasema mlangoni asubuhi ile.

Adhana ilipokaribia, mama aliinuka mwenyewe. Akaingia chumbani, akauvuta mlango, akapitisha mkono nje ya nondo na kulibana kufuli. Akakaa kitandani, mikono juu ya magoti. Tasawwur alipofika, alimkuta hivyo. Kabla hajamsalimu, mama alisema, bila kuulizwa, "Sijatoka."

Nuzhat alimweleza mumewe yote. Tasawwur alikataa. Baba hakuwa mtu wa hivyo, alisema, baba alikuwa mtu wa swala na mzaha. Kisha akakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka madrasa utotoni, akingoja kizingitini hadi baba aje na ufunguo, na mama ndani akiwaitikia kwa sauti tulivu. Alikuwa akiamini mlango hufungwa kwa kuogopa wezi.

Akachukua nyundo na patasi. Kabla ya magharibi mlango wa nondo ulikuwa umelala uani.

Siku hizi, baada ya chakula cha mchana, Nuzhat anamchukua mama mkwe wake na kuvuka naye daraja la reli. Upande wa pili palikuwa na nyumba ya dada wa Mama Kaneez. Sasa ni ghala. Mama husimama mbele ya ukuta, huongea kidogo, hucheka, kisha humvuta Nuzhat kwa kifundo cha mkono, warudi haraka. Nyumbani hukaa kitandani, na vidole vyake hubana hewani kitu kisichokuwepo. Tasawwur ameanza kuita tangu kona ya kichochoro, kwa sauti kubwa hadi majirani wanamtania: "Mama, ni mimi, Tasawwur, mwanao." Siku nyingine mama humwamini.

Kufuli jeusi Tasawwur alitaka kuliyeyusha. Nuzhat alisema atalitupa mwenyewe, akalificha chini ya gunia la mchele. Siku ya kwanza alipolijaribu kwa kibanio cha nywele, lilimkatalia hadi vidole vikauma. Msimu wa baridi ulipokwisha, lilikuwa linafunguka kabla chai haijachemka. Mumewe hajamfungia kamwe wala hajawahi kumtishia. Nuzhat mwenyewe hajui anajifunza kwa ajili gani. Mikono yake ndiyo yenye hamu, na mara nyingine, akipanga springi kwenye sinia, hugundua mkono wa kulia umekwishaanza kuzunguka kwenda kushoto.