Milisekunde Mia Saba

Mama alifariki Jumatano. Mazishi yalipangwa Jumamosi asubuhi, kijijini, uani kwake, na mimi nilikuwa Columbus, Amerika, bila karatasi za kusafiria. Kulia nililia Jumatano. Ijumaa nilikuwa na kazi: kurekodi sauti yangu na kuituma kwa ndugu yangu Gaël aliyekuwa Bukavu. Angeondoka mjini alfajiri, na kijijini simu haishiki mtandao.

Nilikwenda mtaa wa Northland kwa Mirindi, kiongozi wa kwaya yetu. Chumba chake cha kulala amekigeuza studio: zulia chini, magodoro ukutani. Siku mbili nyuma, binamu yake wa Buffalo alikuwa amemtumia mashine ya kutia mwangwi, kijisanduku cheusi chenye vifundo sita vya kuzungusha. Kwaya ya Louisville walikuwa nayo kama hiyo, na tangu asikie nyimbo zao Mirindi hakuwa na amani.

"Pole sana, Mama Josiane. Kaa hapa. Mashini iko tayari."

Nikasema kwenye kipaza sauti. Kimya.

"Lakini inawaka," alisema. "Donc inatumika."

"Friji yangu pia inawaka. Umesoma kitabu chake?"

"Kiingereza yake iko nguvu, Mama."

"Saa kumi unaingia kazini. Kilete."

Nilifungua ukurasa wa thelathini. Kifaransa, tena cha darasani kabisa. Kwa kuwa tuko Amerika, Mirindi alikuwa amepigana siku mbili na kurasa za Kiingereza bila kufikiria kugeuza mbele.

Waya uliotoka kwenye mikseri, meza ya kuchanganyia sauti, alikuwa ameuchomeka kwenye tundu la kutolea sauti, na ule wa kurudi kwenye la kuingizia. Nikazibadilisha. Nikasema tena, ukarudi mwangwi mtupu, bila mimi mwenyewe, kama mtu aliyeachwa chumba cha pili. Kifundo cha kuchanganya kilikuwa kimezungushwa hadi mwisho. Nikakirudisha katikati.

"Bon! Sasa tuweke ile ya kanisa kubwa," alisema Mirindi.

Akaiweka. Nikasema, nikajisikia kama mchungaji wetu wa Jumapili. "Toa. Shangazi zangu wanataka kusikia maneno."

Akatoa mwangwi wote. Sasa nikawa kama mtu aliyefungiwa kabatini. Sauti hiyo Mama asingeijua. Aliponiita nikiwa kwenye shamba la maharage, nyuma ya nyumba, ilinibidi niitike kwa nguvu, "Eee, Mama!", na mlima wa ng'ambo ya bonde uitike nami. Asiposikia sauti zote mbili alijua nimeingia nyumba ya jirani kucheza, na fimbo ilinisubiri.

Baadaye nilifundisha fizikia. Mwaka mmoja niliwapeleka wanafunzi kupima bonde lile kwa kamba. Mama alisimama mlangoni akicheka: "Serikali inakulipa upime kelele yangu?" Tulipata mita mia moja na ishirini. Kwenda na kurudi, gawanya kwa kasi ya sauti: sekunde sifuri nukta saba. Nikazungusha kifundo cha muda hadi kikaonyesha 700, na cha kurudia nikakiweka kwenye moja.

"Mara moja tu, Mama?"

"Mlima ule unajibu mara moja."

Nikaita. "Eee, Mama!" Sauti ikaenda, ikakaa, ikarudi. Nikabonyeza kitufe cha kuzima mwangwi, na mengine nikayasema makavu: mimi ni Emérence, watoto wanasoma, asante kwa karo, nenda salama. Nilipomaliza, Mirindi alikuwa amenipa mgongo, anakaza waya ambao haukuwa umelegea.

Saa tisa na nusu nilituma. Gaël akajibu kwamba imefika.

Jumapili, aliporudi mjini, aliandika. Waliipiga kwenye spika za kanisa, kando ya kaburi. "Dada, uliitika mara tatu. Mama mdogo aligeuka kuangalia shambani."

Niliisikiliza tena jikoni. Mara ya kwanza ni mimi, ya pili ni mashine. Ya tatu haimo. Nilikokotoa kila kitu, nikasahau kwamba mlima wenyewe bado upo.