Bosco Akikaa Chini

Tangu chama cha Marafiki wa Ziwa kianze kuisaidia hifadhi, Kipkemoi hakuwahi kuwa na neno baya nacho. Ndicho kilichowanunulia askari wa wanyamapori buti zisizoingiza maji. Ndicho kilichoweka tangi kwenye nyumba za wafanyakazi, mpaka mkewe Chepkurui akasahau kubeba mitungi. Hata redio iliyoning'inia begani mwake ilikuwa ya chama. Wageni wakija, yeye ndiye aliyesimamishwa kutoa shukrani, na alizitoa zikatoka, kwa kuwa miaka kumi na saba kazini humfundisha mtu kuongea. Lakini mwaka huu chama kikaleta mbwa, na hapo ndipo moyo wake ulipochafuka.

Mbwa aliitwa Bosco. Masikio yake yaliburuza chini na uso ulikuwa wa mtu aliyefiwa, lakini pua yake ilikuwa na kisomo. Mnusishe nguo ya mtu, atamfuata huyo mtu hata kilomita kumi, na akimfikia habweki wala haumi. Anakaa chini mbele yake, basi. Tabby, afisa wa chama, aliwachagua wawili wamzoee: Kipkemoi na Akeyo, msichana aliyekuwa akikata tiketi getini. Baada ya miezi miwili kungekuwa na mtihani. Mmoja angebaki na kamba ya mbwa, mwingine angerudi alikotoka.

"Na sheria ni moja," Tabby alisema. "Chakula ni cha bakuli. Zawadi ni akishapata mtu. Kumpa vitu kutoka mfukoni, zii. Mtamharibu."

Bosco akampenda Akeyo. Hakuna aliyejua kwa nini. Akisikia baiskeli yake tu, mkia ulikuwa unagonga ukuta wa kibanda. Kipkemoi akimwita, mbwa alikuja kwa adabu, kama mtoto anayekwenda kusalimia shangazi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Kipkorir, askari mwenzake, alisema siku moja akimtazama Akeyo akikimbia na mbwa. Alisema kwa wema. Kipkemoi alisikia tusi.

Wivu kwa mtu mzima ni aibu, na wivu kwa ajili ya mbwa ni aibu maradufu. Huwezi kumwambia hata mkeo. Kipkemoi aliubeba peke yake. Alimchukia Akeyo kwa kicheko chake, kwa buti zake mpya, kwa jinsi alivyomwita "Afande" kwa heshima kamili, heshima isiyompa mtu hata pa kukasirikia. Yeye aliyejua kila mgunga wa msitu ule atapitwa na mkata tiketi?

Jioni moja alipita kwa Kiarie, mchoma mutura, ile soseji ya matumbo, nje ya geti, akanunua kipande. Nusu alikula. Nusu aliitia mfukoni, ya Bosco.

Ndani ya wiki mbili mkia wa Bosco uligonga ukuta kwa ajili yake. Alifurahi, jamani! Alifurahi furaha ya mwizi, ya kuangalia nyuma kila dakika, lakini ilikuwa furaha.

Siku ya mtihani, dereva wa Tabby, jina lake Jerry, alivua kofia akaenda kujificha msituni. Akeyo alianza. Bosco alinusa kofia, akageuka, akatembea moja kwa moja hadi kwa Kipkemoi, akakaa chini. Watu wakacheka. Akeyo akamrudisha, akamnusisha tena. Mbwa akaenda kukaa palepale. Mara hii hakucheka mtu, na Akeyo alifuta macho kwa mkono wa sare.

Kipkemoi alipopewa kamba, hakungoja pua ya mbwa. Alisoma nyayo za Jerry mwenyewe, nyasi iliyolala hapa, kijiti kilichovunjika pale, na Bosco akafuata mfuko wake hadi kwenye kichaka alikojificha dereva. Makofi yalipigwa. Akeyo alimpa mkono.

"Hongera, Afande. Amekupenda wewe. Mtunze," alisema, akarudi getini kukata tiketi.

Mwezi haukuisha. Asubuhi moja walimkuta ndama wa kuro amekufa kwenye mtego wa waya, na sweta ya mtegaji imenasa kwenye ua wa hifadhi. Nyayo zilikuwa mbichi. Kipkemoi alizifuata hadi kwenye miamba, na juu ya mawe zikaisha. Sasa ilikuwa kazi ya pua.

Alimnusisha Bosco sweta. Bosco aliinua kichwa, akageuka, akakaa chini mbele yake.

"Labda hajanusa vizuri," alisema Kipkorir.

Akamnusisha tena. Bosco akakaa. Mara ya tatu Kipkorir akaanza kuutazama mfuko wa Kipkemoi.

Redio ikakoroma. Ilikuwa sauti ya Akeyo, na askari wote wa hifadhi walikuwa wakisikiliza. "Afande Kipkemoi, geti hapa. Tumefunga njia zote. Bosco amekaa?"

Angeweza kusema mbwa anaumwa. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Akamtazama Bosco, naye Bosco akamtazama kwa uso ule wa msiba, akingoja mutura.

"Amekaa," alisema.

"Poa! Amekaa mbele ya nani?"

Kipkemoi alibonyeza tena kitufe cha redio.

"Mbele yangu. Nilimlisha kutoka mfukoni, Akeyo, tangu kabla ya mtihani. Kuja uchukue kamba yako, labda wewe bado anakuskia."

Kipkemoi aliachia kitufe. Aliutoa ule mutura, akautupa mbali kwenye mawe, akasogea hatua kumi kando ili mbwa amwache. Bosco hakuufuata mutura. Aliinuka, akamfuata yeye, akakaa chini.