Sikio la Shemeji

Mbwa aliitwa Shemeji, na aliyempa jina hilo alikuwa marehemu mume wa Mama Pindo. Alimleta nyumbani akiwa mdogo, kamfutika ndani ya koti, akamwambia mkewe, "Huyu ni ndugu yangu. Atakula hapa, atalala hapa, na kazi hafanyi. Wewe mwite shemeji tu." Mama Pindo alicheka mpaka mkasi ukamtoka mkononi. Jina likaganda.

Mume alipofariki, mbwa akabaki. Wateja waliokuja kupimwa nguo walimsikia mshonaji yule akisema chumba cha nyuma, "Shemeji, sogea bwana, umenikalia kitambaa," nao wakashusha sauti wakidhani kuna mgeni.

Walikuwa wawili tu katika nyumba ile. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu. Cha nyuma kilikuwa na kitanda, na usiku Shemeji alilala miguuni. Binti pekee wa Mama Pindo alikuwa ameolewa mji mwingine. Alipiga simu kila Jumapili, na Jumapili moja hakusubiri hata salamu ziishe.

"Mama, utakuwa bibi."

"Usinitanie."

"Nakutania kwa nini? Utakuja unikande, unishikie mtoto nipate usingizi."

"Nitakuja hata kwa magoti," alisema Mama Pindo. Siku hiyohiyo alianza kushona vinguo vidogo kwa mabaki ya vitambaa vya wateja.

Kilichoharibu mambo ni sikio. Masikio ya Shemeji yalikuwa marefu, ya kuning'inia, na la kushoto lilikuwa na tabia ya kuvimba na kutoa harufu. Mara ya kwanza Mama Pindo alikwenda duka la dawa, akaeleza, akapewa antibiotiki za binadamu. "Mpe nusu nusu," aliambiwa. Alimpa, sikio likakauka, akaacha. Vidonge vilivyobaki akavitia kwenye kopo la vifungo. Sikio lilipovimba tena, akavirudia. Likapoa tena, akaacha tena. Ikawa ndiyo desturi yao, ila kila safari dawa ilichelewa zaidi kufanya kazi, mpaka ikafika mahali haikufanya kazi kabisa. Katikati ya hayo yote alimsafisha sikio kwa kitambaa alichozungushia kidole, akapangusa mkono kwenye khanga, akarudi kwenye cherehani.

Mshonaji kuchomwa sindano si habari. Lakini safari hii kidole chake cha kati kilivimba, kikawa chekundu, kikapiga kama kina moyo wake wenyewe. Alimeza vidonge vilevile vya kwenye kopo. Havikumsaidia. Kwa kuwa sikio nalo lilikuwa limezidi, akaona aanze na mgonjwa asiyeweza kusema. Akampeleka Shemeji kwa daktari wa mifugo.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini kama anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Aliingiza kijiti chenye pamba ndani ya sikio, akakifunga kwenye kichupa cha kupeleka maabara, akauliza dawa zilizotumika. Mama Pindo alimweleza zote bila kuficha. Daktari alipoinua macho aliona kidole.

"Na hicho, mama?"

"Sindano tu. Ndiyo kazi yetu."

"Nenda hospitali leo. Si kesho, leo. Waambie unaishi na mbwa, waambie anaumwa sikio, waambie na hizo dawa. Usione aibu. Huyu mwache kwangu."

Alifika hospitali akitetemeka kwa homa. Alilazwa, akawekewa dripu, kidole kikapasuliwa kutoa usaha, na usaha nao ukapelekwa maabara. Dawa ya kwanza haikushusha homa. Ya pili haikuishusha. Wakamhamishia chumba cha peke yake, na waliokuja kumwona wakaanza kuvaa glavu na aproni kabla ya kuvuka mlango.

Daktari wa wodi, kijana aliyeonekana hajalala vizuri, ndiye aliyemweleza. "Tumepata bakteria sugu. Dawa tulizozizoea hazimfanyi kitu. Nimeongea na daktari wa mifugo. Wa kwenye sikio la mbwa anafanana na huyu. Kila dozi inapokatizwa, wanyonge hufa na wagumu hubaki. Hao wagumu ndio huzaana."

"Kwa hiyo Shemeji ndiye aliyeniambukiza?"

Daktari akashtuka. "Kuna shemeji pia? Basi naye apimwe haraka. Anakaa na wewe nyumba moja?"

"Analala kitandani kwangu."

Muuguzi alisimama na bomba la sindano mkononi. Daktari akatazama sakafu.

"Ndiye mbwa mwenyewe, daktari," alisema Mama Pindo, na muuguzi akageukia ukutani, mabega yakimcheza. Hata mgonjwa alicheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha mwisho kwa muda mrefu.

Dawa iliyokuja kumsaidia ilikuwa kali, ikamtapisha na kumtia kizunguzungu. Ncha ya kidole haikuokoka, ikakatwa. Lakini kilichomtesa zaidi hakukitarajia. Kazi yake maisha yote ilikuwa kugusa watu. Alipima mabega, akazungusha tepu kiunoni, akawaambia wanawake "vuta pumzi" na wanaume "usivute tumbo, nalijua." Sasa kilichomgusa kilikuwa mpira. Mikono ya muuguzi ilikuwa na upole, ila ilikuja imefunikwa, na ikitoka ilivuliwa glavu zikatupwa, naye aliisikia sauti ile ya kuvuliwa kila mara.

Akiwa humohumo wodini mkwe wake akapiga simu. Mtoto amezaliwa, kabla ya wakati wake. Mama mzima, mtoto mzima lakini mdogo mno. Mama Pindo alilia kwa furaha, kisha akasikia mkwe, ambaye habari za sikio zilikwisha kumfikia, anakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye neno zito.

"Mama, ninakuheshimu. Lakini yule mbwa aondoke. Achomwe sindano, yaishe."

Binti akachukua simu. Sauti yake ilikuwa ya mbali. "Mama, usije kwanza. Daktari wetu anasema mwili wa mtoto hauna kinga bado. Si kwamba hatukutaki."

"Najua, mwanangu."

"Umenuna?"

"Nitamnunia nani? Mpake mafuta mgongoni, polepole. Wewe ulipenda hivyo."

Alipotoka hospitali alipitia kwa daktari wa mifugo. Shemeji alikuwa amefanyiwa upasuaji. Njia ya sikio lile imeondolewa na upande ule hasikii tena. Alimwona Mama Pindo, akajitupa mbele kwa mkia na kiuno, na daktari akamshika ukosi.

"Watu wangu wanataka afe," Mama Pindo alisema.

"Sitakuficha, mama. Hatari ipo, hasa kwa kichanga na kwa mgonjwa. Lakini kumuua hakutaondoa bakteria waliokaa kwenye ngozi yako. Tunaweza kumwosha kwa dawa, ukivaa glavu. Asikulambe. Asilale chumbani kwako. Mtapimwa wote wawili mpaka muwe salama."

"Na yeye nitamwelewesha vipi?"

"Hatakuelewa," alisema daktari.

Na kweli hakuelewa. Alitandikiwa gunia kibandani uani, na jioni akaja mlangoni kukwaruza. Mama Pindo alikaa upande wa pili wa mlango huohuo, mgongo kwenye mbao, akasema, "Shemeji, lala." Alijua upande gani bado unasikia, akawa anaelekezea sauti huko. Asubuhi alivaa glavu, akamwosha kwa ile dawa yenye povu, naye mbwa akazinusa zile glavu, akazikataa, akatafuta kifundo cha mkono ambako ngozi ilionekana. Mama Pindo akamsukuma taratibu.

Wateja walipungua. Alipoulizwa aliwaambia ukweli wote, na ukweli ukatembea mtaani ukiongezewa chumvi, mpaka ikasemwa kwamba nguo zake zinabweka. Bibi harusi mmoja alituma mtu kuchukua kitambaa chake. Wengine walirudi baadaye, wakakuta pindo zake zimepinda kidogo, kwa sababu alikuwa anajifunza kushona upya kwa kidole pungufu.

Majibu yake yalitoka safi, na alipopimwa tena yakawa safi. Ya Shemeji yalichelewa, kisha nayo yakatoka safi. Mama Pindo alimwacha kwa daktari wa mifugo, akafunga mzigo wa vinguo, akasafiri.

Binti alimkumbatia mlangoni, akamshika sana, kisha akamwachia. "Mama, sabuni iko pale," alisema, bila kumtazama. Mama Pindo alinawa mpaka viwiko, akijua anaangaliwa. Vile vinguo havikumtosha tena mjukuu. Mtoto alikwisha kuota meno. Alipokabidhiwa, mjukuu aliutazama ule uso mgeni, akajikaza, akapiga yowe, akanyoosha mikono kwa mama yake. Mama Pindo akamrudisha.

"Atakuzoea," alisema binti.

"Atanizoea. Mimi sina haraka."

Mchana binti alimlaza mtoto kitandani, akasita kidogo, kisha akatoka kuanika nguo. Aliacha mlango wazi. Mama Pindo alikaa kwenye kiti kando ya kitanda, mikono mapajani. Hakumgusa. Alisikiliza pumzi yake ndogo, na nje, maji yakikamuliwa kutoka kwenye mashuka. Mtoto akafumbua macho. Akamwona, midomo ikaanza kukunjika.

"Hodi," alisema bibi yake kwa sauti ya chini, bila kusogea.

Mtoto hakulia. Aliendelea kumtazama, na Mama Pindo akawa hathubutu hata kupangusa machozi.