Mwili Usiotaka Kukonda

Kwenye raundi ya kumi na tano Tshibola alishikwa na kizunguzungu, lakini hakusimama. Alikuwa akiuzunguka ua wa shule kila asubuhi tangu waletwe hapa, wiki sita sasa: mbele ya madarasa manne yaliyojaa watu na magodoro, nyuma ya vyoo, kando ya ukuta wa reli, kisha mbele ya madarasa tena. Nusu saa kila siku, ndivyo alivyoagizwa na dokta. Dokta mwenyewe alikwisha kuondoka mji huu wa Kolwezi, hospitali ilipoanza kukosa hata pamba, lakini agizo lake lilibaki.

"Angalia ule," mwanamke mmoja alisema dirishani. "Batu banatafuta mafuta, ye anatembea juu ya kuyapunguza."

Wengine walicheka. Wengi hawakucheka.

Tshibola alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Baba yake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba hapa kabla yeye hajazaliwa, na Kasai yenyewe hakuwahi kuiona. Alisomea Kolwezi, akaolewa na Mpoyi, fundi wa magari ya kampuni ya shaba, na kwa miaka tisa akapiga taipu katika ofisi ya magari hayohayo. Mwezi wa tatu, vijana walikuja mtaani na mapanga na nyimbo, wakapita mlango kwa mlango wakisema bilulu warudi kwao. Bilulu ni wadudu; ndivyo walivyowaita watu wa Kasai. Siku hiyohiyo watu wengine wakaingia nyumbani mwao, na yeye na Mpoyi wakalala katika shule hii iliyo karibu na stesheni, wakingoja treni ya kwenda Kasai.

Katika miaka minane ya ndoa, damu yake ya mwezi ilikuja mara mbili kwa mwaka, au mara moja, au mwaka ukapita bure. Alinenepa bila kula sana. Nywele ngumu zilimwota kidevuni, na kila asubuhi alizing'oa kwa kibanio kabla Mpoyi hajaamka. Mama mkwe alisema tumbo limefungwa. Dokta ndiye aliyemweleza, miaka mitatu iliyopita, kwamba mayai yake yanaanza kukua, kisha yanakwama na kugeuka vifuko vidogo vya maji. Jina la Kifaransa lilikuwa refu; alilolikumbuka ni neno la mwisho, polykystiques. Damu yake pia ilikuwa imeanza kuwa na sukari. Akapewa vidonge vyeupe vya wagonjwa wa sukari, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Na dokta akamchorea sahani kwenye karatasi: nusu yake majani ya lengalenga au sombe, robo maharagwe, na ugali wa bukari usiozidi ngumi yake mwenyewe.

"Punguza kilo kumi tu," alimwambia. "Halafu utaona."

Ilimchukua miaka karibu mitatu, kutoka tisini na nane hadi themanini na sita. Mwezi wa kumi na mbili, damu ikaja. Ikaja tena mwezi wa kwanza, na wa pili, kwa tarehe, kama ya wanawake wengine. Kisha wakafukuzwa. Mwezi wa tatu haikuja. Wa nne haikuja. Sasa ilikuwa katikati ya mwezi wa tano, na Mpoyi hakuwa ameambiwa kitu.

Aliporudi darasani alikuta begi lake limemwagwa sakafuni. Adolphine, jirani yake wa mkeka, alikuwa amepiga magoti katikati ya vitu vyake.

"Unga iko wapi?" Adolphine aliuliza. Hakuona aibu.

"Unga gani?"

"Unalala pembeni yangu mwezi na nusu. Tunakula kikombe kimoja, mi nimebakia mifupa tu. We, angalia vile uko. Kuko kitu unaficha."

Siku nne zilizopita mgawaji unga naye alimtazama hivyohivyo, akalifuta jina lake kwenye orodha kwa kalamu nyekundu. Huyu alishakula, alisema, na foleni nzima ikakubali. Tangu hapo alikula nusu ya kikombe cha Mpoyi.

Adolphine alipekua tena. Kulikuwa na kitenge kimoja, kibanio, karatasi yenye mchoro wa sahani, na kichupa. Alikitikisa. Vidonge vinne viligongana.

"Na hii njo dawa ya nini?"

"Ya ugonjwa yangu."

"Ugonjwa ya kunenepesha mutu?"

Watu walikuwa wakisikiliza. Tshibola alisema kwa sauti ndogo, "Sizaake, Adolphine, sipate mtoto. Njo ile ugonjwa. Inanenepesha, na inafunga tumbo."

Wiki mbili kabla, Adolphine alikuwa amemzika binti yake wa miezi tisa nyuma ya ukuta wa reli, amefungwa ndani ya taulo. Alikishusha kichupa sakafuni. Kisha akakunja kitenge, akakirudisha ndani ya begi, akaweka karatasi juu yake, na kichupa mwishoni kabisa, polepole, kama kitu kinachoweza kuamka.

"Ungesema," alisema.

Vidonge vinne vilikuwa vya siku mbili. Asubuhi hiyo Tshibola hakumeza. Alijifunga kitambaa kichwani, akashuka kwa njia ya reli ili akwepe kizuizi cha vijana barabarani, akaelekea hospitali ya kampuni.

Njia hiyo ilipita nyuma ya mtaa wao. Nyumba za Wakasai zilijulikana kwa mbali, maana nyingine hazikuwa na milango tena, wala madirisha, wala mabati. Ya kwao ilikuwa nzima. Mapazia yalikuwa yaleyale ya manjano. Kitunguu kilikuwa kikikaangwa jikoni, na kwa muda alisimama akisikiliza, kana kwamba angejisikia mwenyewe akisogeza sufuria humo ndani. Lengalenga alizopanda kwa agizo la dokta zilikuwa zimekua hadi kifuani, zimetoa mbegu, hakuna aliyezichuma. Mwanamke aliyekuwa akifagia uani aliinua kichwa. Alikuwa na uso mpole.

"Jambo, mama."

"Jambo, mama," Tshibola alijibu, akaendelea na njia.

Kwenye dirisha la dawa alikuwepo Ernestine, muuguzi aliyempima uzito kwa miaka mitatu. Alipomwona, alitazama kwanza nyuma yake, halafu kushoto na kulia.

"We ungali hapa?"

"Treni haiyakuya. Ernestine, dawa zimebakia ine."

"Jina yako haiko tena. Orodha inatoka kwa bureau ya kampuni. Jina haiko, dawa haiko. Bakinikamata, mi pia nitafukuzwa." Alishusha sauti. "Pita nyuma."

Katika korido, mafaili ya wagonjwa yalikuwa yamerundikwa chini hadi kiunoni, mengine yameloa mvua. Tshibola hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Alisoma majina ya Kikasai yaliyokuwa juu, Kalala, Mbuyi, Tshibangu. Mbuyi alikuwa mpiga ngoma wa kanisani kwao. Alikufa kwenye treni iliyotangulia, kabla ya kufika stesheni ya Kamina, na presha yake yote ilikuwa imeandikwa pale.

Ernestine alimpandisha kwenye mizani, akasogeza chuma, akakirudisha nyuma, akakirudisha tena.

"Makumi saba na tisa," alisema. "Docteur angefurahi."

Hakuna aliyefurahi. Tshibola alishuka, akavaa ndala zake, akamwambia kuhusu miezi miwili.

Ernestine alikaa kwenye kiti. "Unatapika?"

"Asubuhi kizunguzungu. Lakini sikulaake."

"Inaweza kuwa mimba. Inaweza kuwa ile ugonjwa imerudia. Inaweza kuwa njaa tu; hapa banamama bengi banakauka damu juu ya njaa."

"Nipime."

"Na nini? Labo imefungwa."

"Basi niambie, vidonge nimeze ao niache?"

"Docteur alisema, kama ni mimba, uache. Kama ni ugonjwa, usiache hata siku moja." Ernestine alitazama mikono yake. "Mi sijui, Tshibola. Nakuambia kweli, sijui."

Alichoweza kumpa kilikuwa karatasi. Aliandika jina la dawa, kilo sabini na tisa, na tarehe. Akagonga muhuri, lakini sahihi hakuweka.

Aliporudi, ua wa shule ulikuwa karibu mtupu. Treni ilikuwa imefika, mabehewa ya wazi ya kubebea mizigo, na watu wote walikuwa stesheni wakipandishana juu ya magodoro, sufuria na vikapu. Alimkuta Mpoyi kando ya behewa la saba, begi mkononi, shati lake la kazi likimning'inia mabegani kama la mtu mwingine.

"Ulikuwa wapi? Banaita majina!"

Karani wa orodha alikuwa kijana mwenye kofia ya kampuni. Alisoma: Mpoyi, nafasi mbili. Akamtazama Tshibola kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Huyu hapana nafasi moja," alisema. "Huyu njo nafasi mbili."

"Nafasi zetu ni mbili," Mpoyi alisema. "Mi na bibi yangu."

"Tata, sikia. Behewa ni ya batu makumi nane. Bibi yako anakalia fasi ya batu babili, famille yenu iko na fasi mbili. Ni ye ao ni we. Mwingine atangoja treni ingine."

"Ingine inakuya lini?"

Karani aliinua mabega.

Mpoyi alianza kusihi, akimwita tata, yaani baba, ingawa kijana yule angeweza kuwa mwanawe. Tshibola alimsikia akisema kwamba yeye ni mwembamba, angeweza kusimama, angeweza kukaa juu ya mizigo. Karani alikuwa tayari akigeuza ukurasa.

"Andika, basi," Tshibola alisema.

"Niandike nini, mama?"

"Vile umesema. Unga, mulifuta jina yangu. Leo munaona niko batu babili. Andika: Tshibola, batu babili."

Karani alicheka, na watu wa juu ya behewa wakacheka pamoja naye. Akaandika.

"Onesha." Tshibola alisoma mstari wote kwa makini, kama alivyokuwa akisoma barua za ofisini kabla ya kuzipeleka kwa mkubwa. "Sasa usifute."

Mpoyi alikuwa akimtazama. Miaka mitano iliyopita, damu ilikata miezi saba, naye akanunua shali nyeupe ya mtoto. Shali ile ilikaa kabatini mpaka ikawa ya rangi ya chai, na hawakuizungumzia kamwe.

"Kwa nini umesema hivyo?" aliuliza, sasa kwa Tshiluba, lugha ya Kasai, ili karani asielewe.

"Miezi miwili."

Alisogea karibu. "Ni kweli?"

"Sijui," Tshibola alisema. "Hakuna mtu anayejua. Hawana cha kupimia."

Mpoyi aliitikia kwa kichwa taratibu, mara kadhaa, kama mtu anayeelekezwa njia ndefu. Kisha akaweka begi juu ya behewa, akamshika kiunoni, na wanaume wawili wakamvuta kwa mikono. Aliangukia magoti juu ya magunia. Adolphine alikuwa humo ndani. Alijisogeza, akavuta miguu yake, pakawa na mahali.

Karani aliita familia nyingine. Mpoyi, aliyeachwa angoje treni nyingine, hakuondoka kando ya behewa. Askari mmoja wa stesheni alimsukuma kifuani kwa kiganja. Alirudi nyuma hatua mbili, akasimama tena.